Ununue faili, ulipie kwa mwezi au utafute diski? Ulinganisho baada ya BBC Store kufungwa

Novemba 2015 BBC Worldwide, tawi la biashara la Shirika la Utangazaji la Uingereza, lilifungua duka la mtandaoni lililoitwa BBC Store. Mtu aliyeko Uingereza aliingia humo, akachagua tamthilia au makala kutoka hazina ya miaka mingi, akalipa, akapakua. Duka lilianza na takriban saa 7,000 za vipindi, na vyote viliuzwa kama vitu vya kununua na kubaki navyo.

Mei 2017 wateja wakatangaziwa kwamba duka linafungwa. Tarehe 1 Novemba mwaka huohuo, vipindi walivyonunua vikaacha kufunguka. Sababu haikuwa siri: watazamaji walikuwa wakihamia kwenye huduma za kulipia kwa mwezi kama Netflix, iliyokuwa Uingereza tangu 2012, na hata aliyetaka kununua aliweza kupata vipindi vingi vya BBC kwa Apple au Amazon. BBC iliwarudishia wateja fedha zao, au wakachagua vocha ya Amazon yenye thamani iliyozidi kidogo. Huo ulikuwa uungwana, na inafaa kuusema mapema kwa sababu si kila duka hufanya hivyo. Lakini mtu aliyeipenda hadithi hakuwa na shida ya fedha. Aliitaka hadithi.

Chukua hadithi iitwayo The Power of the Daleks, ya Doctor Who, tamthilia ya BBC ya sayansi ya kubuni. Ilirushwa mwaka 1966 kwa sehemu sita, kisha BBC yenyewe ikafuta kanda zake, kama ilivyofuta vipindi vingi vya miaka ile. Kilichosalia ni sauti, na hiyo ilisalia kwa sababu kuna watazamaji walioirekodi majumbani mwao. Mwaka 2016, nusu karne baadaye, sauti hiyo ikachorewa picha za katuni. Toleo hilo lilitoka kwanza BBC Store mapema Novemba, na DVD ikafuata mwezi huohuo. Aliyenunua faili aliwahi kuitazama, na mwaka mmoja baadaye faili hilo halikufunguka tena. Aliyesubiri DVD bado anayo rafuni.

Sisemi kwamba DVD imeshinda, maana ina matatizo yake na tutayafikia. Ninachosema ni kwamba watu wengi huchagua kwa kutazama bei ya leo na urefu wa orodha ya filamu, wakasahau swali linaloamua mengine yote.

## Vipimo vyetu

Swali lenyewe ni hili: siku ukibonyeza kitufe cha kuchezesha, ni nani mwingine anayepaswa kukubali? Ikiwa ni kampuni, basi unaitegemea iwepo, iwe na leseni ya kipindi hicho, na itake kuendelea kukihudumia kifaa chako. Hiki ndicho kipimo cha kwanza, nami nakipa uzito mkubwa kuliko vingine.

Cha pili ni gharama, ipigwe kwa miaka mitatu au mitano, si kwa mwezi mmoja. Cha tatu ni intaneti na kifaa, kwa sababu anayenunua bando la simu hana hesabu moja na mwenye waya wa faiba nyumbani. Cha nne ni uchaguzi: kuna nini cha kutazama, na je, kile unachokitaka kimo? Cha tano husahaulika sana. Je, unaweza kumwazima jirani au kumwachia mwanao?

## Kununua faili

Hii ndiyo njia ya BBC Store, na leo Apple na Amazon bado wanauza hivyo.

Nani mwingine akubali? Muuzaji. Unacholipia kisheria ni leseni ya kutazama. Faili limefungwa kufuli la kidijitali, na programu ya kulichezesha huiuliza seva ya muuzaji kama una ruhusa. Ni kama kununua kabati, ufunguo ukabaki kwa fundi. Seva ikizimwa, faili linaweza kuwa kwenye kompyuta yako zima zima na lisifunguke.

BBC Store haikuwa ajali ya peke yake. Julai 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu, ikarudisha fedha, na vitabu vikatoweka kwa wasomaji. Tarehe 31 ya mwezi huohuo mfumo wa UltraViolet, uliokuwa umebuniwa ili mtu anunue filamu mara moja na kuitazama kupitia maduka mengi, ukafungwa. Agosti 2022 wateja wa PlayStation nchini Ujerumani na Austria walipoteza filamu za kampuni ya Studiocanal walizokuwa wamezinunua, kwa kuwa makubaliano ya leseni yaliisha. Desemba 2023 Sony, mwenye PlayStation, ikawaambia wateja kwamba vipindi vya Discovery vitaondolewa, kisha makubaliano mapya yakaviokoa. Katika kisa hiki cha mwisho mnunuzi hakuwa na la kufanya isipokuwa kungoja kampuni mbili zielewane.

Sheria zimeanza kulitazama jambo hili. Tangu Januari 2025 jimbo la California linamtaka muuzaji aseme wazi kwamba anachouza ni leseni, kama kweli ndivyo. Uingereza ina sheria ya haki za mlaji ya mwaka 2015, inayokulinda bidhaa ya kidijitali ikiwa na kasoro. Kasoro ni jambo moja, na duka kuishi miaka ishirini ni jambo lingine.

Kuna faili la namna nyingine, lisilo na kufuli. Wanamuziki wengi huuza hivyo kupitia duka la mtandaoni la Bandcamp, na GOG huuza michezo ya kompyuta kwa mtindo huo. Ukishalipakua, unaweza kulinakili kwenye flashi na diski ya nje, na halimuulizi mtu. Kwa tamthilia za mashirika makubwa ya utangazaji faili kama hilo ni nadra. Ukilipata, linastahili kupendelewa.

Gharama. Unalipa mara moja. Bei iliyotajwa tangu mpango wa duka la BBC ulipotangazwa mwaka 2012 ilikuwa pauni 1.89 kwa sehemu moja, kwa hiyo hadithi ya sehemu sita ingekuwa pauni 11.34. Kwa anayetazama vitu vichache na kuvirudia mara nyingi, hesabu hii ni nzuri mno.

Intaneti na kifaa. Unapakua mara moja na kutazama mara nyingi. Lakini programu nyingi hutaka kuunganishwa na mtandao mara kwa mara ili zihakiki akaunti, na kifaa cha zamani huweza kuachwa nyuma toleo jipya la programu likija.

Uchaguzi. Hapa njia hii ina nguvu. Unaweza kununua kipindi kimoja tu ambacho hakimo katika huduma yoyote unayolipia, bila kubeba mzigo wa vingine elfu.

Kuazima na kurithisha. Hakuna. Kipindi kimefungwa kwenye akaunti, na masharti ya maduka kwa kawaida hayaruhusu kuihamishia kwa mtu mwingine.

Inamfaa anayejua hasa anachotaka, anayetaka kukitazama sasa, na ambaye hataumia sana kikipotea baada ya miaka kadhaa.

## Kulipia kwa mwezi

Nani mwingine akubali? Kampuni, na pia wenye haki za kila kipindi. Tofauti na njia ya kwanza ni kwamba hapa hakuna aliyekuahidi umiliki. Umelipia mwezi, umepata mwezi. Mimi nauona ukweli huo kuwa sifa, maana mteja anajua alipo.

Hata hivyo vipindi huja na kuondoka. Juni 2020 vichekesho vya Little Britain viliondolewa iPlayer (huduma ya mtandaoni ya BBC), Netflix na BritBox (huduma ya kulipia kwa mwezi ya BBC na ITV) kwa wakati mmoja, kwa sababu ya waigizaji waliojipaka rangi kuigiza watu weusi. Kuna sababu za kweli za kukasirishwa na maigizo hayo, na sizipuuzi. Lakini tukio lilionyesha jinsi uamuzi wa ofisi chache unavyofika kila sebule siku ileile. Mei 2023 Disney+ iliiondoa tamthilia yake yenyewe ya Willow, miezi michache tu baada ya kuimaliza kuirusha, na kwa kuwa haikuwa na DVD, mashabiki hawakuwa na pa kuikimbilia.

Huduma zenyewe nazo hufa au humezwa. BBC na ITV, kituo kingine cha televisheni cha Uingereza, walizindua BritBox nchini Uingereza Novemba 2019 kwa pauni 5.99 kwa mwezi, miaka miwili baada ya BBC Store kufungwa, wakitegemea hazina ileile ya tamthilia za zamani. Aprili 2024 BritBox ya Uingereza ikaacha kusimama peke yake na kuingizwa katika ITVX, huduma ya mtandaoni ya ITV. Afrika Mashariki tunalijua hili pia: Netflix iliwapa watu wa Kenya mpango wa bure kwenye simu mwaka 2021, kisha ikaufunga Novemba 2023.

Gharama. Mwezi mmoja ni nafuu. Mwaka mmoja wa BritBox kwa bei ile ya mwanzo ni pauni 71.88, na miaka mitano inakaribia pauni 360, nawe ukiacha kulipa hutabaki na kitu. Kwa familia inayotazama kila jioni, fedha hiyo haijapotea hata kidogo, maana hakuna anayeweza kununua kimoja kimoja kila wanachotazama watoto. Hasara humwangukia anayelipia huduma tatu na kutazama moja. Anayeweza kuingia mwezi mmoja, kumaliza anachokitaka, kisha kusitisha, ndiye anayeifaidi njia hii zaidi ya wote.

Intaneti na kifaa. Hili halifanani kati ya mtu wa Birmingham na mtu wa Tabora. Kwa maelezo ya Netflix yenyewe, saa moja ya video ya kawaida hula hadi GB 1, na ya ubora wa juu hadi GB 3. Tamthilia ya saa kumi kwa ubora wa juu ni karibu GB 30, na ukiirudia ni GB 30 nyingine. Anayetumia bando la simu analipa mara mbili, kwa huduma na kwa data, na mara nyingi data ndiyo ghali. Tangu Novemba 2016 Netflix inaruhusu kupakua na kutazama bila mtandao. Lakini vilivyopakuliwa huisha muda, na usajili ukikatika havifunguki.

Uchaguzi. Wingi wake hauna mpinzani. Udhaifu uko kwenye vya zamani: maktaba imejaa vipindi vya miaka ya karibuni, na kadiri unavyorudi nyuma rafu zinapungua.

Kuazima na kurithisha. Hakuna, na kampuni zimebana hata kugawana akaunti baina ya nyumba mbili.

Inaifaa nyumba yenye watazamaji wengi wa ladha tofauti na intaneti isiyohesabiwa kwa GB.

## Diski: DVD na Blu-ray

Nani mwingine akubali? Hakuna mtu. Unaiweka kwenye deki, inacheza. Kampuni iliyoitengeneza ikifilisika, inacheza. Mkataba ukiisha kati ya fulani na fulani, inacheza. Hakuna anayeweza kuingia usiku na kubadilisha sauti ya wimbo au kukata sehemu moja.

Kuna mipaka miwili. Wa kwanza ni kunakili. Uingereza iliruhusu Oktoba 2014 mtu atengeneze nakala binafsi ya kitu alichokinunua, na Julai 2015 Mahakama Kuu ikaibatilisha kanuni hiyo. Kwa hiyo kuihamishia DVD yako mwenyewe kwenye kompyuta, ingawa watu wengi hufanya, hakuna ruhusa ya kisheria huko.

Wa pili unawagusa moja kwa moja wanaosafirisha zawadi. DVD hugawanywa kwa maeneo. Uingereza iko eneo namba 2, pamoja na Ulaya Magharibi na nchi za Ghuba. Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo ziko eneo namba 5. DVD iliyonunuliwa London inaweza kukataliwa na deki ya Mombasa au Bukavu, wakati ndugu aliyeko Muscat anaichezesha bila shida. Deki zinazokubali maeneo yote zipo tele, kwa hiyo uliza kabla hujanunua. Blu-ray, diski mpya zaidi yenye picha bora, imegawanywa vingine, na katika mgawanyo wake Ulaya na Afrika ziko kundi moja, B. Anayemnunulia mzazi zawadi ya kupeleka nyumbani, Blu-ray itamwondolea usumbufu huo, mradi nyumbani kuna mashine yake.

Gharama. Diski mpya ni ghali kuliko faili. Diski iliyotumika ni rahisi sana, na maduka ya hisani ya Uingereza yamejaa DVD za bei ya chini kuliko kikombe cha kahawa. Unaweza pia kuiuza ukichoka nayo. Gharama iliyofichika ni mashine: kompyuta za siku hizi hazina mahali pa kuingiza diski, duka la John Lewis liliacha kuuza mashine za DVD miaka kadhaa iliyopita, na Samsung ilijitoa kwenye biashara ya mashine za Blu-ray mwaka 2019. Ukiwa na deki nzuri, itunze.

Intaneti na kifaa. Intaneti haihitajiki. Umeme tu. Picha ya DVD kwenye televisheni kubwa ya leo huonekana hafifu, lakini Blu-ray nzuri hutoa picha iliyo bora kuliko inayotiririshwa, kwa sababu haikubanwa ili ipite kwenye mtandao.

Uchaguzi. Kinachotolewa kwenye diski kinazidi kupungua, na kuna tamthilia mpya zisizotoka kabisa. Kwa vitu vya zamani mambo hugeuka, kwani diski mara nyingi ndiyo njia pekee iliyobaki, na huja na mahojiano na sauti za watengenezaji ambazo hazipo kwingine.

Kuazima na kurithisha. Bila masharti. Mpe jirani, mwachie mwanao, ipeleke maktaba. Itunzwe tu mbali na jua na unyevu, maana pwani diski zisizo na makasha hazidumu, na zipo zinazoharibika tabaka la ndani hata zikitunzwa.

Inamfaa mwenye kipindi anachokipenda kiasi cha kutaka kukitazama tena baada ya miaka kumi, na anayeishi mahali ambapo intaneti ni ya kubahatisha.

## Neno fupi kuhusu iPlayer

Kwa walioko Uingereza kuna njia ya nne, iPlayer ya BBC, iliyozinduliwa siku ya Krismasi 2007. Haina malipo ya ziada, ila tangu Septemba 2016 lazima nyumba iwe na leseni ya televisheni, ambayo Aprili 2025 iliwekwa pauni 174.50 kwa mwaka. Vipindi vingi hukaa takriban mwaka mmoja kisha huondoka. Anayelipa leseni aanzie hapo kabla ya kununua chochote, na aliye nje ya Uingereza asiipigie hesabu.

## Uchague vipi kulingana na hali yako

Kama unataka kutazama kitu mara moja na kuendelea na maisha, lipia mwezi mmoja, kitazame, sitisha. Usinunue. Weka ukumbusho kwenye simu siku mbili kabla ya tarehe ya kukatwa fedha.

Kama ni kipindi cha moyoni, kile ulichokitazama na marehemu baba au kilichokufundisha Kiingereza miezi yako ya kwanza ugenini, tafuta diski hata kama kimo kwenye huduma unayolipia leo. Kuwemo kwake leo si ahadi.

Kama kipindi hicho hakina diski na hakimo kwenye huduma yoyote, nunua faili bila woga, mradi ujue kwamba umenunua miaka kadhaa ya kukitazama. Kati ya wauzaji wawili wenye bei moja, chagua yule ambaye biashara yake ya filamu ni sehemu ya biashara kubwa zaidi. Hilo halikulindi kikamilifu, kwani Microsoft nayo ilifunga vitabu, ila huyo ana uwezo wa kurudisha fedha.

Kama unatumia bando la simu, piga hesabu ya data kabla ya bei ya huduma. Tamthilia moja utakayoirudia mara tatu itakula data mara tatu. Ukiwa na mahali pa Wi-Fi hata mara moja kwa wiki, pakulia huko. Usipokuwa napo, diski au faili lisilo na kufuli ndilo litakalokupunguzia gharama.

Kama una watoto nyumbani, huduma moja ya mwezi inatosha, na ni afadhali ibadilishwe kila baada ya miezi michache kuliko kulipia tatu kwa pamoja. Wanachokirudia kila siku, hicho ndicho cha kukinunulia diski.

Na kama tayari una mafaili uliyoyanunua, fungua akaunti hiyo wiki hii. Andika orodha ya vilivyomo, hifadhi risiti zote, pakua kila kinachoruhusiwa kupakuliwa, na hakikisha barua pepe uliyojisajili nayo bado unaisoma. Wateja wa BBC Store walipewa notisi ya miezi mitano hivi, na taarifa za aina hiyo hutumwa kwa barua pepe. Aliyesajiliwa kwa anwani aliyoiacha zamani hataiona notisi, wala tarehe ya mwisho ya kudai fedha zake.